Fundo Nililolitupa Kwenye Protini za Kichocho

Mama yangu, Mungu amrehemu, alifariki akiamini kwamba mimi nauza mizani. Kosa ni langu. Siku moja tukiwa jikoni kwetu Wambaa, kisiwani Pemba, aliniuliza ni kazi gani hasa ninayoifanya huko maabara, nikamjibu kwa haraka: "Napima uzito wa vitu vidogo, mama." Tangu hapo akawa anawaambia majirani kwamba Riziki yuko mjini Chake, yuko kwenye mizani. Msimu wa karafuu ulipofika, mzee mmoja alifunga safari mpaka maabara kwetu, karibu na Gombani, kuniuliza kama ninayo mizani isiyomdhulumu mkulima. Nikamweleza kwamba mizani ya kwetu ingeshindwa na punje moja tu ya karafuu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Basi mnunue nyengine."

Wanangu mnaoanza kazi pale mwaka huu, mkuu wenu aliniomba nije kuzungumza nanyi. Nimeona afadhali niandike, maana nikisimama mbele ya watu husahau lililo muhimu nikakumbuka la kuchekesha tu. Hapa nitajitahidi kuyachanganya.

Nianze na kazi yenyewe. Protini ni nadra kuzikuta moja moja. Hushikana mbili, sita, kumi, na kazi yao huifanya zikiwa zimeshikana. Sisi tulikuwa tunashughulika na kundi moja la protini linalotoka kwenye mayai ya kichocho, yale mayai yanayopita kwenye kibofu cha mtoto na kumfanya akojoe damu. Tulitaka kijikaratasi cha kupimia: unakichovya kwenye mkojo, mstari unatokea, unajua mtoto huyu anahitaji dawa. Mstari hautokei wenyewe. Ndani ya kijikaratasi huwekwa kingamwili, na kingamwili lazima iishike ile protini mahali palipo wazi, kama unavyoshika sufuria kwenye kikono. Ukichagua sehemu iliyojificha ndani ya kundi, kijikaratasi kitabaki cheupe, na mtoto mgonjwa atarudi nyumbani akiambiwa yuko salama. Kwa hiyo lazima ujue kundi limekaaje: nani yuko nje, nani yuko ndani.

Kundi letu lilikuwa na protini za aina tatu. Majina yake rasmi ni herufi na namba, na mkuu wetu wa wakati huo, Dokta Shaame, mtu mrefu wa Micheweni aliyekuwa akivua kofia na kuiweka gotini kila anapofikiri, alikataa kabisa kuyatamka. Tukaziita Kubwa, Kati na Ndogo. Mpaka leo nazizungumza kama watu, mnisamehe.

Mashine yenyewe haikuwa Pemba. Ilikuwa chuo kimoja Ulaya, nilikokaa miezi tisa kujifunza. Nilikwenda na sweta mbili nikarudi na tano. Inaitwa spektrometa, na jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba haikupi picha. Inakupa uzito. Unapima kundi zima, unaandika. Unalivunja polepole, unapima vipande, unaandika. Na kuna dawa inayofunga mafundo: ukiitia kwenye sampuli, inazifunga kwa uzi mfupi protini zilizokaa jirani. Ukiona fundo kati ya fulani na fulani, unajua hawa wawili hawako mbali. Basi. Hayo ndiyo uliyonayo, na kwa hayo ujenge nyumba ambayo hujawahi kuiona.

Sampuli yangu ya kwanza kuipeleka kule baada ya kurudi niliitayarisha kwenye maji ya chumvi, kama tulivyozoea kutunza kila kitu maabara. Sikukumbuka kwamba chumvi huganda kwenye protini na kuiongezea uzito usio wake. Baada ya wiki mbili ikaja barua pepe ya heshima sana. Walisema wameipokea sampuli, wanashukuru, na wangependa kujua kama kwa bahati mbaya tumewapelekea maji ya bahari. Dokta Shaame aliichapisha akaibandika kwenye mlango wa friza, ikakaa pale miaka. Tangu siku hiyo, kabla ya kusafirisha chochote, tulibadilisha maji mara tatu na kutia ile chumvi ya amonia inayopotea hewani. Nyinyi pia mbadilishe mara tatu. Mara mbili hazitoshi, nimejaribu.

Kazi ya kompyuta ndiyo iliyokuwa yangu. Siku hizi kuna programu zinazosoma mpangilio wa protini na kukisia umbo lake lote, na najua mnaziamini kuliko mnavyowaamini walimu wenu. Sisi tulifanya kwa njia nyepesi. Kila protini tuliigeuza tufe, kama gololi, ukubwa wake ukitokana na uzito. Halafu programu inayatupa matufe yale ovyo na kuyapanga maelfu ya mara, na kila mpango unahojiwa: uzito umetimia? Vipande vinaweza kutoka hivi? Mafundo yanafika? Mpango unaovunja ushahidi unatupwa, unaoheshimu unabaki. Mkiniambia gololi ni utoto, nitakujibuni kwamba programu zenu mpya hukisia vizuri umbo la mmoja mmoja, lakini wangapi wamekaa pamoja, hilo bado lazima mpime.

Na mafaili yenu yapeni majina ya kueleweka. Mimi nilikuwa na faili linaloitwa "mwisho", jengine "mwisho kabisa", na jengine "mwisho wallahi". Lililokuwa sahihi lilikuwa "jaribio la pili".

Sasa nifike kwenye kisa nilichokikusudia.

Kundi zima lilikuwa na uzito wa mia mbili na arubaini, kwa kipimo chetu. Kubwa ana sitini, Kati arubaini, Ndogo ishirini, hapo napunguza desimali ili tusichoshane. Nikapiga hesabu: wawili wawili kila aina, inatimia. Kilichovunjika kikatoa kipande cha mia na ishirini, yaani Kubwa, Kati na Ndogo mmoja mmoja, nusu ya kundi. Kompyuta ikawapanga duara: Kubwa, Kati, Ndogo, Kubwa, Kati, Ndogo. Lilikuwa duara la kupendeza kama kikuku cha bibi harusi. Ndani ya duara lile Kati alikuwa amegeuza uso nje, wazi kabisa, mahali pazuri pa kushikwa na kingamwili.

Mafundo yalikuwa ishirini na matatu. Ishirini na mawili yalikaa vizuri. Moja lilimfunga Kati na Kati mwenziwe, na kwenye duara langu wao walikuwa pande mbili zinazotazamana, mbali mno kwa uzi ule. Nikasema ni kosa la mashine. Nikalifuta.

Aliyetayarisha mirija ya mafundo, yaani aliyeitia ile dawa ya kufunga kwenye sampuli, alikuwa Bi Mize. Nyinyi hamkumkuta. Alikuwa fundi wa maabara, hakusoma zaidi ya shule ya Wete na kozi moja fupi, na mikono yake ilikuwa haitetemeki hata kidogo. Kila alichokifanya alikiandika kwenye daftari lenye jalada jeusi, kwa wino wa buluu, tarehe juu. Alikuja mezani kwangu siku ile na daftari lake.

"Riziki, mirija yangu mitatu imerudi vipi?"

"Vizuri sana, Bi Mize. Mafundo ishirini na mawili yameingia yote."

"Orodha iliyokuja ina ishirini na matatu."

"Moja ni kosa. Nimelitoa."

Akafungua daftari, akaweka kidole. "La Kati na Kati? Hili limo kwenye mrija wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Nilitayarisha kila mmoja siku yake. Miye sijuwi kompyuta, lakini kosa haliji mara tatu limevaa nguo ile ile."

Nilikuwa nimebakiwa na siku mbili kabla ya mkutano na wageni wetu wafadhili, na picha ya duara ilikuwa tayari imeshawekwa rangi. Nikamwambia, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema: "Bi Mize, weye tayarisha mirija. Hesabu niachie miye."

Akafunga daftari. "Haya, mwanangu," akasema, akenda kuosha chupa zake. Ile "haya" yake niliisikia masikioni siku nyingi.

Kwa ajili ya wageni nilitaka kuwa na kitu cha kushika mkononi, kwa hiyo nilikwenda duka la Mzee Jayanti pale Chake, yeye na baba yake wameuza vifungo na nyuzi tangu hata mama yangu hajaolewa. Nikaomba shanga za ukubwa wa aina tatu. Akazimwaga mezani akauliza, "Harusi ya nani?"

"Si harusi, Mzee. Ni protini."

"Za kula?"

"Za kichocho."

Akazirudisha shanga mbili zenye ufa kwenye kopo, akanichagulia nzima. "Hata kichocho kinataka kitu kizuri," akasema.

Mkutano ulikwenda vizuri kupita kiasi. Duara la shanga lilizunguka meza nzima, wageni wakapiga picha, Dokta Shaame akatabasamu. Ikaamuliwa: protini tuliyobakiwa nayo isafirishwe siku ya Alhamisi kwa maabara ya nje itakayotafuta kingamwili za kushika uso wa Kati. Wangeitumia mpaka iishe.

Na hapo mnielewe. Protini ile ilitokana na mkojo wa watoto wa Chokocho na vijiji vya jirani, uliokusanywa kwa miaka miwili. Mama zao walitukubalia mlango kwa mlango. Wakati tunafanya mkutano, watoto wale walikuwa wameshakunywa dawa shule nzima, na mayai yalikuwa hayaonekani tena. Tulimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kilichokuwa kwenye friza yetu kilikuwa ndicho cha mwisho, na kikimalizwa kwa kosa hakuna wa kwenda kumwomba tena.

Jumatano asubuhi umeme ulikatika. Jenereta ilibeba friza tu, kompyuta zikazima. Nimekaa mezani sina la kufanya, duara la shanga mbele yangu, na lile "haya, mwanangu" linanisumbua. Nikasema, acha nimwonyeshe Bi Mize kwa macho kwamba fundo lake haliwezekani. Nikakata uzi urefu unaostahili kwa vipimo vya shanga zangu, nikafunga Kati mmoja, nikavuta kumfikia mwenziwe. Haukufika. Nikafurahi. Kisha, kwa mikono isiyo na kazi, nikalivunja duara na kuwafunga Kati wawili pamoja, nione tu kundi litakaaje. Wengine wakakosa pa kukaa. Nikachukua Kati wa tatu kutoka kwenye pakiti, nikamweka, wakatulia watatu kama mafiga. Chini ya kila mmoja nikaweka Ndogo. Juu yao pakabaki nafasi moja, na Kubwa mmoja akakaa pale akawafunika, kama kawa juu ya chakula.

Nikachukua kalamu. Kubwa mmoja sitini. Kati watatu mia na ishirini. Ndogo watatu sitini. Mia mbili na arubaini.

Nikarudia. Mia mbili na arubaini tena. Na kile kipande cha mia na ishirini nilichokiita nusu ya kundi kingeweza kuwa Kati watatu watupu. Ushahidi wangu wote ulikubali nyumba mbili, na mimi niliingia kwenye ile nzuri nikafunga mlango. Kama nyumba ya kweli ilikuwa hii nyengine, basi uso wa Kati niliowauzia watu kwenye mkutano ulikuwa umefunikwa na Kubwa, na hakuna kingamwili ingeufikia.

Jasho lilinitoka, na haikuwa kwa sababu ya feni kuzima.

Nilimkuta Dokta Shaame anatia saini karatasi za mzigo. Boksi la barafu kavu lilikuwa tayari juu ya meza, tupu, linasubiri.

"Daktari, mzigo usiende kesho."

"Kuna nini?"

"Mpango wangu hauna uhakika. Kuna fundo moja nililitupa."

Akavua kofia akaiweka gotini. "Ulilitupa kwa nini?"

"Halikuingia."

"Halikuingia wapi?"

"Kwenye duara."

"Na duara ulilitoa wapi?"

Kompyuta ilinipa mipango chungu nzima. Duara nililichagua mimi, kwa sababu lilipendeza.

"Nani mwengine anajua?" akauliza.

"Bi Mize. Aliniambia kabla ya mkutano. Sikumsikiliza."

Akarudisha kofia kichwani. "Basi umekosea mlango. Anzia kwa Bi Mize, kisha uje kwangu."

Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na kidogo, nina shahada mbili, na ule ukumbi wa kutoka ofisini kwake mpaka kwenye sinki ulikuwa mrefu kuliko safari yangu ya Ulaya. Bi Mize alikuwa na glavu mikononi.

"Bi Mize, nimekukosea. Nilikujibu vibaya, na nadhani fundo lako ni la kweli."

Hakugeuka mara moja. "Unadhani, au la kweli?"

"Bado nadhani."

"Basi nipishe nivue glavu tukaangalie." Tulipofika mezani kwangu aliyatazama mafiga yangu ya shanga kwa muda, akagusa Kubwa kwa ncha ya kidole. Halafu akasema, bila hasira yoyote, "Na siku nyengine usiniambie nitayarishe mirija. Nimetayarisha mirija weye hujajua kusoma."

"Sitorudia."

"Najua."

Barua kwa wageni aliiandika Dokta Shaame mwenyewe. Niliiona baadaye. Aliandika "tumegundua kosa letu". Letu. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, na si wote wanaolijua neno hilo.

Tukawaandikia wenzetu wa Ulaya, waliokuwa bado na tone dogo la sampuli ya zamani: tafadhali kikamateni kile kipande cha mia na ishirini peke yake, mkivunje tena, mtuambie ndani mna nani. Kama duara langu ni la kweli, watatoka watu watatu tofauti. Kama fundo la Bi Mize ni la kweli, atatoka Kati tu.

Wiki tatu tulisubiri. Nilisafisha friza zote, hata zisizo zetu. Jibu lilipokuja nililichapisha bila kulisoma, nikampelekea Bi Mize, nikasimama. Akavaa miwani, akasoma chini chini, akafika kwenye mstari mmoja akaurudia kwa sauti: "Kati peke yake." Akaikunja karatasi ile akaiweka ndani ya daftari lake jeusi, na sikuthubutu kuiomba.

Kwa hiyo wanangu, data haitupwi. Isiyoingia wekeni kando, mwandike kwa nini, mwandike na nani aliyewaambia msiitupe. Anzisheni programu kutoka sehemu nyingi tofauti, na mkipata jibu zuri tafuteni jengine linalotimiza uzito ule ule kabla ya kulipaka rangi. Na mtu aliyeshika mrija anajua jambo ambalo mtu aliyeshika kompyuta halijui.

Kingamwili zikatafutwa za kumshika Kubwa, kwenye mgongo wake ulio nje. Ilichukua miaka, na mara mbili tulianza upya kwa sababu zisizohusiana na mimi, alhamdulillahi. Dokta Shaame alistaafu tukiwa katikati. Lakini Bi Mize alikuwepo siku tulipovipeleka vijikaratasi vya kwanza Chokocho, mwaka wake wa mwisho kazini.

Tulikaa darasani, tukapanga vikombe vya mkojo kwenye dawati refu, kila kimoja na namba yake na kijikaratasi chake mbele. Tukasubiri dakika kumi na tano. Cheupe. Cheupe. Cheupe. Nilipita kutoka mwanzo wa dawati mpaka karibu na mwisho, vyote vina mstari mmoja tu ule wa kuonyesha kwamba kijikaratasi chenyewe ni kizima. Dawa ilikuwa imefanya kazi kijijini, ndiyo. Lakini pia ingeweza kuwa vijikaratasi vyetu havishiki kitu.

Kikombe cha tatu kutoka mwisho, Bi Mize akaniita kwa mkono. Mistari miwili. Wa pili ulikuwa hafifu mwanzo, kisha ukakolea tukiuangalia, mwekundu kama uzi wa kanga.

Nilishika mkono wa Bi Mize na nikacheka. Nilicheka kwa sauti, sikujizuia. Nilipoinua kichwa, mwenye kikombe alikuwa amesimama mbele yetu, msichana wa miaka tisa hivi, mtandio wake umeteleza begani, anatutazama tunavyofurahi. Akaangalia vijikaratasi vya wenzake vyenye mstari mmoja, akaangalia chake chenye miwili.

"Nimefaulu?" akauliza.

Kicheko kikanikauka. Nikauachia mkono wa Bi Mize.

Bi Mize alivua glavu. Akamtengenezea mtandio, akamshika mkono kumpeleka kwenye meza ya dawa, na nikamsikia anamwambia njiani, "Kwanza ule mkate, mama, vidonge hivi havinywewi na njaa."